Skintileta za nyutroni: ipi ununue, ipi uiache dukani

Heliamu-3, gesi ya kunasia nyutroni, ilipoadimika kwenye 2008-2009 hivi, baada ya Marekani kuimaliza kwenye mageti ya kukagua mizigo, wengi tukahamia kwenye skintileta, yaani vitu vinavyotoa mwanga vikipigwa na mionzi. Shida ni kwamba mtu akienda kununua anauliza mwanga tu, ipi inawaka zaidi, wakati lithiamu-6 au boroni-10 iliyomo ndani itainasa nyutroni vizuri tu, kasheshe ni kuitofautisha na gama, mionzi mingine ambayo nayo inawasha mwanga. Kwa hiyo mi nazipanga kwa gama.

Ya kwanza, shiti ya lithiamu floridi na zinki salfaidi iliyotiwa fedha. Nyeupe, kama kadi iliyopakwa chokaa, unene nusu milimita tu coz ikizidi hapo mwanga wake wenyewe hautoki. Nyutroni moja inakupa fotoni (chembe za mwanga) kama 160,000, na gama kwenye wembamba ule inapita bila kuacha cha maana. Mwanga wake hauzimi haraka, kwahiyo nyutroni zikiwa nyingi mno mapigo ya mwanga yanapandana. Kama unahesabu tu, chukua hii umalize.

Ya pili CLYC, wenyewe wanaiita "klik", fuwele yenye seriamu ambayo inapima gama na nyutroni kwa pamoja alafu unazitenganisha kwa umbo la pigo, tamu sana ila bei inauma. Hapa angalia usipigwe: lithiamu ya kawaida ina lithiamu-6 asilimia 7.5 tu, unataka iliyoongezwa lithiamu-6 mpaka asilimia 95, na kuna CLYC nyingine ya lithiamu-7, hiyo ni ya nyutroni za kasi, zile za polepole haizipimi vizuri.

Tatu, kioo cha GS20. Kigumu, hakiogopi unyevu, kinazima haraka, ila pigo la nyutroni linaangukia sawa na gama ya MeV 1.6 hivi (MeV ni kipimo cha nishati), penye gama kali utachanganyikiwa.

Plastiki ya boroni unaipata kubwa unavyotaka lakini pigo lake ni dogo, chini ya gama ya keV 100 (yaani MeV 0.1), linazama kwenye kelele.

Ya mwisho lithiamu ayodaidi. Niliwahi kununua ya mtumba, kopo lina ufa mdogo hata huuoni, kufungua fuwele imekuwa njano pembeni kama kucha za mvuta sigara. Unyevu ushaingia. Hela imeenda.

Kumbuka nyutroni zikitoka kwenye chanzo zina kasi, lazima uzipunguze na polithini nene kama sentimita 5, mi nimebananisha vibao vya plastiki vya kukatia nyama na kazi inaenda. Mzigo ukifika weka bati la kadimiamu, metali inayonasa nyutroni za polepole, la milimita 1 katikati ya vibao na skintileta (usilikate kwa msumeno, vumbi lake ni sumu). Hesabu isiposhuka sana, hizo unazohesabu ni gama, mrudishie muuzaji mali yake siku hiyohiyo.