Miezi mitatu na probe-rs: jinsi nilivyoacha kuusingizia umeme wa Bukavu

Nilianza kutumia probe-rs, programu huria ya kuchunguza hitilafu za maikrokontrola (chipu ndogo zinazoendesha vifaa), baada ya kifaa nilichokiunda kiwashe na kuzima pampu ya tangi letu hapa Ibanda, Bukavu, kuanza kuganda usiku bila kuacha alama yoyote. Chipu yake ni STM32F103 yenye RAM ya kilobaiti 20, na programu niliiandika kwa lugha ya Rust. Kwa kuwa kwetu umeme hukatika na kurudi utakavyo, niliusingizia. Nikabadilisha chaja, kisha ubao mzima, na tangi likaendelea kufurika.

Nilipounganisha ubao na kompyuta, ujumbe wa paniki (programu ya Rust kujisimamisha inapogundua kosa) ulijitokeza ukitaja faili na mstari: safu yenye vipengele 8, nami naomba kipengele cha 8 ilhali hesabu huanzia 0. Programu ilikuwa imejikamata yenyewe kabla ya kuharibu kitu. Hata hivyo, chini ya ujumbe paliandikwa HardFault, yaani kosa zito ambalo kichakata chenyewe hulikataa, jambo lililonipotosha jioni nzima, hadi nilipong'amua kwamba maktaba ya panic-probe humaliza kila paniki kwa kutekeleza makusudi amri batili ili kichakata kisimame. Tangu hapo ninatafuta ujumbe kwanza, ndipo nisome mengine.

Siku chache baadaye ilikuja HardFault tupu, isiyo na ujumbe. Hapa ndipo probe-rs iliponifurahisha: ilisoma rejista za kichakata (vihifadhi vyake vidogo vya ndani) na kunieleza kuwa ni kosa la basi, yaani njia ya data kati ya kichakata na kumbukumbu, kwenye anwani 0x20005000, yaani baiti ya kwanza baada ya RAM kuisha. Maunzi, licha ya jina hilo, yalikuwa mazima. Kielekezi changu (kinachoshika anwani ya kumbukumbu) ndani ya bloku ya unsafe, sehemu ambayo Rust haikagui vielekezi, ndicho kilichovuka mpaka, na kichakata kikakataa. Ubao wa kwanza nilikwisha kumpa mtoto wa shangazi auchezee, nikaurudia kwa aibu.

Kasoro ninayoiona ni kwamba kompyuta lazima ibaki imeunganishwa, na betri yangu haifiki alfajiri. Tena, umeme ukishuka chipu hujiwasha upya bila paniki wala HardFault, kwa hiyo nimeongeza mistari michache inayosoma rejista ya RCC_CSR, inayotunza sababu ya chipu kuanza upya, kila inapowaka, ili nijue kilichoizima. Hadi leo umeme nimeukuta na hatia mara mbili tu.