TAHADHARI: SIMM za pini 30 zilizopigwa msasa zinauzwa kama za nanosekunde 60

Wadau wa kompyuta za zamani, kuweni macho. Kuna muuzaji mtandaoni anayeuza SIMM (vijibao vya memori vya kuchomeka) za pini 30, nne kwa seti, MB 4 kila moja. Anasema ni za nanosekunde 60 (muda wa memori kujibu; namba ikiwa ndogo, kasi ni kubwa) na zimeshajaribiwa. Nimenunua. Si za nanosekunde 60, na hela yangu haijarudi hadi leo.

Mashine yangu ni kompyuta yenye prosesa ya 486 DX2, ya marehemu baba, aliyokuwa akichapia barua za ofisi kwa WordPerfect. Ilikuwa na MB 4 tu, nikataka ifike 16. Kwenye 486, SIMM za pini 30 huwekwa nne kwa pamoja, maana kila moja hubeba biti 8 na prosesa inataka 32. Moja ikikusumbua, zote nne hazikufai.

Nilipowasha, BIOS (programu ya kuwashia mashine) ilihesabu memori yote hadi mwisho bila shida. Hapo ndipo tunaponaswa. Hesabu ile ni ukaguzi wa juu juu tu, na picha yake ndiyo aliyoiweka muuzaji kwenye tangazo kama ushahidi. Mfumo wa DOS 6.22 ulipoanza kupanda, HIMEM, programu yake ya kusimamia memori, ikalalamika kwamba memori si ya kuaminika. Nikachomoa zote, nikasafisha pini kwa raba na spiriti, nikarudisha. Kosa lilelile, ila anwani nyingine. Nikaweka zile za zamani za MB 1: shwari kabisa. Kwa hiyo mazabodi (bodi kuu) ni nzima.

Jibu nililipata ndani ya BIOS. Niliongeza kwa hatua moja muda wa kusubiri wa memori, yaani muda ambao prosesa huipa memori ijibu, makosa yakakoma. Nikaiachia Memtest86, programu ya kujaribu memori, kutoka kwenye disketi usiku kucha, asubuhi hakuna kosa hata moja. Nikaurudisha muda ule wa mwanzo, na kabla chai haijapoa makosa yalishajaa kwenye skrini. Chipu mbovu haiponi kwa kusubiriwa. Hizi ni nzima, ila ni za polepole kuliko yanavyodai maandishi yaliyo mgongoni mwake.

Nikachukua kioo cha kukuzia, nikaziinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Mgongoni mwa chipu kuna mikwaruzo myembamba, yote inaelekea upande mmoja, kama ubao uliopitishwa msasa. Kile kiduara kidogo cha kuonyesha pini ya kwanza, kwenye baadhi kimebaki kishimo, kwenye nyingine kimejaa rangi. Lakini tarehe ni moja kwa zote: 9418, yaani wiki ya 18 ya mwaka 1994. Nikapitisha pamba yenye asetoni, ikatoka nyeusi tii: maandishi ya awali yalisuguliwa, mgongo ukapakwa rangi nyeusi na kuandikwa upya. Hapa muwe waangalifu: maandishi meupe kufutika si ushahidi, kwani hata chipu halali za wino hufutika. Ngozi nyeusi ya chipu ndiyo isiyotakiwa kuchuja.

Nilimtumia picha zote. Kwanza akasema mashine yangu ni mbovu, kisha akanyamaza. Kosa langu ni kukubali kumlipa pembeni, nje ya soko lenyewe, kwa ahadi ya punguzo, kwa hiyo hakuna pa kudai. Akikuomba hivyo, achana naye.

Kabla ya kulipa, omba picha ya karibu ya mgongo wa chipu, imepigwa kwa mwanga wa ubavuni, na picha ya Memtest86 ikiwa imemaliza mzunguko mzima, muda wa kusubiri ukiwa umewekwa wa chini. Kwa mwenye mali halali hiyo si kazi kubwa.

Kama ulishauziwa, usizitupe, na tafadhali usimuuzie mwenzako kama za 60. Ongeza muda wa kusubiri, zitafanya kazi. Zangu nimezibandika karatasi ubavuni: "Si 60, zimepigwa msasa."