Nikon D500 katika maji ya Paje

Wapiga picha wa mchezo wa tiara, yaani kuteleza majini juu ya ubao unaovutwa na tiara, huko Paje, mashariki mwa Unguja, aghalabu husimama ufukweni na lenzi ndefu, na hupata picha safi ya mtu mdogo aliyening'inia angani. Mimi huingia majini hadi kiunoni na lenzi pana ya milimita 10 hadi 24, nikimngoja mchezaji anipite umbali wa mita mbili. Kwa kazi hiyo nimetumia Nikon D500, kamera iliyotangazwa mwaka 2016.

Wengi huisifu kwa fremu zake 10 kwa sekunde. Hata hivyo, kusi likikaza, mchezaji anayekuja kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde hutoka mita 10 hadi mita 2 kwa sekunde moja tu. Kati ya fremu 10 utakazopata, nyingi zitamwonyesha kama sisimizi, na mbili au tatu za mwisho ndizo zenye picha. Kasi hiyo yatosha, lakini haina ziada. Kilichoniridhisha zaidi ni nukta zake 153 za kulenga, yaani sehemu ambazo kamera huweza kuzifanya ziwe wazi, zilizotandazwa karibu upana wote wa fremu, kwa sababu ukiwa karibu namna hii uso wa mchezaji haukai katikati: ubao ndio unaotangulia mbele ya lenzi, na uso unabaki pembeni. Kamera yangu ya awali, ambayo nukta zake zilisongamana katikati, ilinipa matone ya maji yaliyo wazi kabisa na nyuso zenye ukungu.

Asubuhi, jua likitoka baharini mgongoni mwangu, sina la kulalamikia. Alasiri jua huhamia upande wa minazi, uso wa mchezaji ukawa giza, na hapo flashi inahitajika. Kwa kawaida D500 haikubaliani na flashi kupita kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/250 ya sekunde, ambayo ni ndogo mno kuyagandisha maji yanayorushwa na ubao. Ipo njia ya kuivuka kasi hiyo, ila hupunguza sana nguvu ya flashi. Kasoro ya pili ni skrini. Inainuka vizuri, nami ningependa kuishusha kamera hadi usawa wa maji huku nikiitazama kwa juu, lakini ulengaji kwa njia ya skrini ni wa polepole kiasi kwamba mchezaji huwa ameshapita. Nimejizoeza kukisia bila kutazama, na fremu nyingi hupotea.

Haiingizi vumbi wala manyunyu kwa urahisi, ila si ya kuzamishwa, na maji ya chumvi hayasamehe. Mfuko wa kuzuia maji ni wa lazima.

Anayenunua iliyotumika aulizie kadi ya XQD, aina ya kadi ya kuhifadhia picha yenye kasi kubwa. Kwa kadi hiyo inapokea picha ghafi (RAW) 200 mfululizo, ilhali duka nililonunulia mimi lilinipa kadi ya kawaida ya SD, na kamera ikawa inakwama katikati ya mruko.