Ludlum Model 3 na kichwa 44-9: tathmini kwa maabara ya kufundishia kinga ya mionzi

Ludlum Model 3 ni kipima mionzi cha kushika mkononi, na 44-9 ni kichwa chake cha kugundua mionzi, kinachounganishwa kwa kebo. Kwa mwanafunzi wa fizikia ya afya, yaani elimu ya kinga ya mionzi, hiki ni kifaa kizuri cha kuanzia. Kutafuta uchafuzi wa mionzi juu ya meza, glavu au nguo, kinafanya vizuri sana. Tatizo huanza pale uso wake wa kusomea unapokuwa na mistari miwili ya namba, mmoja wa mipigo kwa dakika (idadi ya chembe zilizohesabiwa) na mwingine wa milirontjeni kwa saa (kiwango cha dozi), na mwanafunzi akaiamini yote miwili sawasawa.

Kichwa cha 44-9 ni mrija wa Geiger-Müller, mrija wenye gesi unaotoa mpigo wa umeme chembe ya mionzi inapoingia, ulio bapa kama kifuniko cha kopo. Dirisha lake la maika, madini ya tabaka nyembamba, lina takriban miligramu 1.7 kwa sentimita ya mraba, wembamba unaozipitisha chembe za alfa na beta dhaifu za kaboni-14. Beta za tritiamu (hidrojeni-3), zilizo dhaifu zaidi, hazipiti. Mahali palipotumika tritiamu, kifaa kikikaa kimya hakijathibitisha chochote; pafutwe kwa karatasi na karatasi ihesabiwe kwa sintilesheni ya kimiminika, yaani ndani ya kimiminika kinachotoa mwanga kikipigwa na mionzi.

Wembamba huohuo ndio udhaifu wake. Ncha ya kalamu inatosha kulitoboa dirisha, gesi ya ndani ikachanganyika na hewa, na kichwa kilichokufa kikanyamaza kama kinavyonyamaza juu ya meza safi. Kwa hiyo kabla ya kila kazi: jaribu betri (ni mbili, za ukubwa wa D), tazama kebo, kisha weka kichwa kwenye chanzo kidogo cha majaribio na ulinganishe na usomaji ulioandikwa siku ya urekebishaji, yaani siku kifaa kilipopimwa kwa mionzi ya kiwango kinachojulikana. Kebo nayo ina visa vyake. Ikilegea kwenye kiungio, kuitikisa tu huzaa mipigo ya uongo.

Wakati wa kupekua, washa spika, kwa sababu sikio huwahi kabla ya mshale. Weka swichi ya mwitikio kwenye F (haraka), kichwa kiwe kama sentimita moja juu ya kitu kinachopekuliwa, mkono uende polepole, sentimita chache kwa sekunde. Ukisikia mipigo imeongezeka, simama, geuza kwenye S (polepole) na usubiri mshale utulie. Wengi hukifunika kichwa kwa plastiki ili kisichafuke. Lakini hapo alfa hupungua sana au kutoweka kabisa, na kaboni-14 nayo hupungua.

Thamani yake darasani iko kwenye hesabu. Tuseme usuli, yaani mionzi ya kawaida ya mazingira, ni mipigo 50 kwa dakika na doa linasoma 250. Mipigo halisi ya doa ni 200. Kama ni kaboni-14, ambayo ufanisi wake kwa kichwa hiki (sehemu ya mimeguko ya atomi inayohesabiwa) ni karibu asilimia 5, hiyo ni mimeguko 4,000 kwa dakika, yaani bekereli (mimeguko kwa sekunde) 67 hivi. Kama ni fosforasi-32, yenye ufanisi wa karibu asilimia 32, ni bekereli 10 tu. Mshale umesimama palepale, na uchafuzi umetofautiana zaidi ya mara sita! Asiyejua isotopu (aina ya atomi ya mionzi) iliyotumika hana haki ya kuandika bekereli kwenye ripoti.

Juu kabisa ya kipimo kuna mtego mwingine. Baada ya kila mpigo mrija hupofuka kwa takriban mikrosekunde 80. Ukisoma mipigo 300,000 kwa dakika, idadi ya kweli inakaribia 500,000. Kwenye mionzi mikali zaidi mrija unaweza kuelemewa kabisa, na usomaji ukashuka wakati hatari inapanda. Ndiyo maana kifaa huwashwa mbali na chanzo, kisha husogezwa taratibu.

Kwa kiwango cha dozi sikipendekezi. Urekebishaji hufanywa kwa gama za sesiamu-137, zenye nishati ya keV 662. Kwenye gama au eksirei za keV kati ya 60 na 100 mrija usio na kichujio cha kusawazisha nishati huzidisha usomaji mara kadhaa. Kazi hiyo ni ya chemba ya ioni, kifaa kinachopima mkondo wa umeme ambao mionzi huuzalisha hewani.

Maabara inayonunua ipange kifaa kimoja kwa wanafunzi wawili, kebo za akiba, kifuniko cha kulinda dirisha kila kichwa kinapopumzika, na chemba ya ioni walau moja kwa darasa zima. Kama fedha hazitoshi, punguza idadi ya Model 3, usiiondoe chemba.