Filamu ya Star Wars ya 1999 au ya 2005, ipi kali?
Jana baada ya isha tumebishana barazani hapa Langoni, Lamu, mpaka kahawa ikapoa, wenzangu wanashikilia The Phantom Menace ya 1999, mimi nasema Revenge of the Sith ya 2005, na ile ya 2002 sote tumeiweka mkiani, mapenzi ya yule kijana Anakin na mpenzi wake Padmé mle yamekaa makavu sana.

Ya 1999 ina haki yake jamani. Yale mashindano ya kasi jangwani kwenye sayari ya Tatooine, halafu yule adui Darth Maul awasha upanga wake wa mwanga wa ncha mbili na kwaya ya mtunzi wa muziki John Williams inapanda, wallahi mwili wasisimka. Lakini katikati ni kodi za biashara na vikao vya seneti, mdogo wangu kasinzia kabisa.

Ya 2005 ndo inanimaliza. Mwalimu Obi-Wan kamlea Anakin, sasa wanapigana kwenye sayari ya Mustafar kando ya mto wa moto, Anakin kakatwa miguu anaungua pale chini, na Obi-Wan analia kwamba alimpenda kama ndugu, kisha anaokota upanga wa mwanafunzi wake anaondoka zake. Halafu ile kofia nyeusi inashuka, kimya, unasikia pumzi ya kwanza ya Darth Vader, ndo Anakin huyo huyo kageuka. Mie hapo huwa siwezi kusema kitu.