Rangi ya bei ya juu au ya kawaida: ukuta wako unataka ipi?

Tofauti imo ndani ya ndoo. Rangi ghali huwa na gundi nyingi na titani dioksidi ya kutosha, ule unga mweupe unaoziba ukuta. Rangi rahisi hujazwa zaidi unga wa mawe ya chokaa, ndiyo maana ukiupitishia kiganja ukuta uliokauka unatoka na vumbi jeupe.

Kwenye gharama, usihesabu ndoo tu. Rangi nzuri mara nyingi hufunika kwa kupakwa mara mbili. Rahisi huomba mara ya tatu, na fundi anataka hela yake ya siku hiyo pia. Hata hivyo, kama unarudishia rangi ileile juu ya ukuta usio na kasoro, ya rahisi inashinda wazi.

Kwenye usafi hakuna ubishi. Korido yetu watoto huipita wakiburuza mikono yenye mafuta ya maandazi. Tangu tuipake ya ghali, kitambaa chenye maji ya sabuni kinaondoa alama tu; zamani, ilipokuwa na ya rahisi, kiliondoa na rangi yenyewe.

Dari? Nunua ya kawaida. Hakuna anayeigusa, na isiyong'aa huficha mawimbi ya plasta.

Ukuta unaopanda unyevu kutoka chini utabandua zote mbili, kwa hiyo tibu unyevu kwanza. Umepanga na unahama mwakani? Paka ya kawaida. Una nyumba yako na watoto wadogo? Weka ya ghali koridoni na jikoni, vyumba vingine vitasubiri.