Kibubu cha namba nilichoagiza Keko: nyota nne

Kibubu ninachokisema ni kile cha mbao chenye namba juu ya kifuniko. Ukitumbukiza elfu tano, unakata namba moja ya elfu tano. Namba zikiisha zote, hela imetimia, unakivunja. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, Dar es Salaam, na mwaka huu nilikuwa na lengo moja tu: ovaloki ya mtumba ya nyuzi tatu, ile mashine ya kushona kingo za nguo zisifumuke, laki nane. Kila gauni ninalopeleka kwa jirani kupigiwa ovaloki linaondoka na hela yangu, na msimu wa Idi napanga foleni kwake kama mteja.

Vibubu vinavyouzwa tayari barabarani vingi ni vya milioni moja. Nilichokishika mimi kilikuwa na namba 50 za 10,000, 60 za 5,000, 75 za 2,000 na 50 za 1,000. Hesabu inafika milioni sawasawa, lakini nusu ya hela yote iko kwenye namba za elfu kumi. Hicho ni kibubu cha mtu wa mshahara. Hela yangu inaingia vipande vipande: huyu kaleta suruali ya kupunguza, yule zipu imeng'oka.

Nikamfuata seremala mmoja Keko, nikamwambia aniandikie laki nane. "Dada, kinachotoka ni cha milioni." Nikamwambia mimi sinunui milioni, nanunua ovaloki. Akacheka, akachukua peni. Tukapanga 10,000 ziwe 20, 5,000 ziwe 50, 2,000 ziwe 125 na 1,000 ziwe 100. Laki nane ukiigawa kwa siku za mwaka ni kama 2,200 kwa siku, ndiyo maana nilitaka elfu mbili ziwe nyingi. Kilichokuwa tayari aliniambia 15,000. Cha kuagiza nimelipa 20,000.

Mbele, badala ya neno "Malengo" wanaloandika kwenye vyote, nilimwambia aandike OVALOKI kwa herufi kubwa. Hiyo elfu tano ya ziada imejilipa hapo. Kibubu cha "malengo" kina wenyewe wengi: gesi ikiisha ni lengo, mchango wa harusi ni lengo. Hiki hata mume wangu anaona haya kukiulizia. Siku aliyokwama na hela ya matairi ya bodaboda alisimama mbele yake, akalisoma lile neno, akaenda kumkopa kaka yake.

Sasa kazi yenyewe. Mbao ni paini, randa imepita vizuri, ila msasa haukufika kwenye kona. Tundu linapitisha noti iliyokunjwa mara nne bila kukwama. Walipobania ni kwenye namba: ni karatasi iliyobandikwa na kufunikwa soletepu. Soletepu imeanza kuinuka, na wino haushiki juu yake, kwa hiyo sasa kila namba naitoboa kwa sindano. Tena namba zinaanzia 1,000, wakati mimi kwa siku naweza kubaki na sarafu tupu za mia mbili na mia tano. Nazilimbikiza kwenye kopo la vifungo mpaka zifike buku.

Jambo ambalo muuzaji hakuambii: namba ndogo huisha kwanza. Mkono wenyewe unazikimbilia. Usipoangalia, mwaka ukifika kati umebaki na elfu kumi na elfu tano zinakukodolea macho, na hapo ndipo wengi huchukua nyundo. Mimi nimefuata misimu. Hela ya nguo za Idi, ya vitenge vya sare za harusi, ya sare za shule mwezi huu wa Desemba, yote naanza nayo kwenye elfu kumi, hata kama mfukoni kuna chenji. Zimebaki chache.

Usalama ni mdogo. Ni chepesi, mwizi hana haja ya kukivunja, anaondoka nacho kwapani. Changu kimefungwa ukutani kwa skrubu kwa nyuma. Kifuniko lakini kipigwe misumari: vile vya skrubu mtu anafungua kwa bisibisi, anafunga tena bila alama, unakata namba mwaka mzima kumbe ndani kweupe.

Na usikifungie miaka na miaka. Benki Kuu iliondoa noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya 500 ya 2010, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Mwenye kibubu cha tangu enzi hizo ilibidi akivunje apende asipende. Faida pia hakina. Ukitaka hela izae, peleka VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Huko lakini ratiba ya kikundi ndiyo inayoamua lini utaishika hela, na mimi muuza ovaloki nimeshamuahidi Januari.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya ile soletepu. Cha pili nitataka namba zichomwe kwenye mbao kwa moto, na jamaa kasema anaweza kwa kuongeza kidogo. Kuagiza ni siku mbili tatu, ila wiki ya mwisho ya Desemba usitegemee: karakana inajaa watu, naye anauza vya milioni tu.